Chaneli Yetu na Chaneli Yao

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu yamejaa tangu asubuhi lakini hata tone halijadondoka. Watu wanatembea na miavuli mikononi kama wanaoitania mvua.

Leo kulikuwa na kikao cha usalama wa mji: sisi zimamoto, polisi na watu wa ambulansi. Daktari anayesimamia ambulansi alikuja na hoja yake: kabla mvua kubwa hazijaanza, tuwe na chaneli moja ya redio ya pamoja. Sasa hivi kila idara ina chaneli yake na hakuna anayemsikia mwenzake. Zimamoto tukitaka kuwaambia ambulansi jambo, tunapiga simu na kuomba Mungu ipokewe. Daktari alisema redio zetu zote zinaweza kushika masafa yale yale, ni kuzipangia upya tu, na wasikilizaji wa idara zote wakae chumba kimoja kule polisi, chini ya Afande, mkuu wa polisi.

Kamanda wetu wa zimamoto akanigeukia. "Mama Mawasiliano, wewe ndiye mtaalamu. Unasemaje?"

Nikasimama. Nikazungumzia mawimbi kuingiliana, mnara kuzidiwa, redio za aina tofauti kukataana. Nikatumia maneno ambayo nilijua hakuna mle ndani atakayeyauliza. Kisha nikamalizia: "Daktari, hewani si wodini. Huko huwezi kulaza wagonjwa watatu kitanda kimoja."

Chumba kizima kilicheka. Afande alicheka mpaka akafuta macho. Daktari naye akatabasamu kidogo, akafunga faili lake. Suala limeahirishwa mpaka mvua zipite.

Kamanda alinisindikiza hadi mlangoni akisema nimewanyoosha. Nilirudi kazini nimevimba kichwa.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna la kuandika. Joto.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu alikuwa sebuleni anafungua mota ya friji ya mteja. Nikamsimulia ule utani wa wodi. Akacheka, kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na kweli haiwezekani?"

"Ina matatizo yake."

"Sijauliza matatizo. Nimeuliza inawezekana au haiwezekani."

"Wewe fundi friji utaelewa nini mambo ya redio?"

"Haya. Na hicho chumba kimoja, mkubwa angekuwa nani?"

"Afande."

"Kwa hiyo ungekuwa chini ya mtu."

"Si hilo!"

"Mimi sijasema ndilo," akajibu, akaendelea na mota yake.

Niliyoyasema kikaoni si uongo kabisa. Mawimbi kuingiliana kupo. Tatizo hilo kweli lipo duniani.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Paa la chumba cha redio linavuja pale pale pa mwaka jana. Tumeweka ndoo.

Jumatatu, 17 Machi

Nyumba iliungua nyuma ya stendi, hitilafu ya nyaya za umeme. Vijana wetu walifika upesi, wakauzima moto. Kulikuwa na mama mmoja ameungua mikono. Nikawapigia ambulansi, simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nilipowapata, gari lao lilikwenda upande wa mbele wa stendi, kwa sababu aliyepokea simu alisikia "mbele" mimi nilisema "nyuma". Yule mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ameinyoosha mbele, akisubiri gari lililokuwa likizunguka mtaa wa pili.

Jioni mdogo wangu alipita nyumbani. Yeye ni muuguzi, anafanya kazi kwenye gari lile lile la ambulansi. Alikuwa amelowa, amekasirika.

"Dada, hivi nyie zimamoto hamna midomo? Tumezunguka kama vichaa!"

"Ni polisi," nikamwambia. "Walifunga barabara vibaya."

Polisi hawakuwa wamefunga barabara yoyote. Sijui kwa nini neno hilo lilinitoka kirahisi vile. Akalipokea, akakaa, akawatukana polisi mpaka chai ikaisha.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Mdogo wangu alikuja na dereva wake, wanayemwita Taratibu, atengenezewe redio ya gari iliyokuwa inakoroma. Wagonjwa, ndugu wa wagonjwa, hata daktari, wote wakipanda gari lake humpigia kelele aongeze mwendo, naye huwajibu "taratibu, tutafika wote". Mtu mpole, mwenye mabega mapana. Nilipofungua ile redio nikaona ni sawa na zetu. Aina ile ile, toleo lile lile. Nikaitengeneza nikaifunga. Sikusema kitu.

Jumanne, 1 Aprili

Mto umepanda hadi kwenye kingo. Nyumba za bondeni zimeanza kuhamwa. Daktari alinipigia simu mwenyewe akauliza, kwa adabu, kama tunaweza angalau kuwapa redio yetu moja ya mkononi waiweke kwenye gari lao. Nilimwambia zote zina kazi. Kabatini zilikuwemo ambazo hazina kazi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nitaandika ya jana. Nisipoandika leo nitaanza kuyapanga upya kichwani yanipendeze.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri bila kupumua. Alasiri, Sajini wa kikosi chetu aliita kutoka daraja la bondeni. "Mama, nguzo ya kati imekaa upande. Tunafunga daraja. Huku kwetu nimeweka kamba, lakini ng'ambo hakuna mtu."

Ng'ambo ndiko iliko njia ya kutoka vijijini. Nikawapigia polisi waende wafunge. Mtandao umejaa, mji mzima unapigiana. Nikawapigia ambulansi. Mlio ule wa kukatika, tena na tena. Nikamwachia msaidizi redio, nikatoka mbio, viatu vikanasa kwenye tope pale getini nikaviacha, nikavuka barabara hadi polisi, pekupeku. Afande hakubisha. Akaita gari la doria lililo karibu, liende ng'ambo. Lakini ambulansi haikuwa kwenye chaneli ya polisi, wala kwenye yetu. Ilikuwa peke yake kwenye yake.

Niliporudi, doria ilikuwa haijafika ng'ambo, na sauti ya Sajini ilikuwa imepanda. "Mama, kuna ambulansi inashuka ng'ambo! Tunapunga mikono, dereva hatuoni, mvua nzito!"

Nikasema, mimi, kwa mdomo wangu: "Washa taa zote za gari! Mmulikeni asimame!"

"Tumewasha!"

Kisha Sajini akarudi hewani.

"Mama, anakuja. Anatuwashia na yeye. Anadhani tunamwita."

Nilishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. Redio ya kwenye lile gari niliitengeneza mwenyewe. Ningeweza kuongea naye. Neno moja tu, simama, lingetosha. Nilikuwa nimekaa mbele ya mashine ya kuongea na watu walio mbali, na mtu niliyetaka kumfikia sikuwa na njia ya kumfikia, kwa sababu mwezi mmoja nyuma nilisimama mbele ya watu nikasema haiwezekani.

Sikusikia daraja. Nilimsikia Sajini akisema "Ee Mungu wangu", halafu vijana wakipiga kelele za kamba, kamba.

Kipande cha kati kilikaa chini, gari likaingia pua na kunasa kwenye vyuma. Halikuzama. Vijana wetu walishuka na kamba, wakawatoa wote. Mgonjwa, mzee wa presha, yu hai, alibebwa mgongoni hadi hospitali. Mdogo wangu amevunjika kifundo cha mkono. Taratibu alibanwa mguu kati ya usukani na injini. Wamemkata chini ya goti.

Jumapili, 6 Aprili

Redio ya mji imenitaja kwenye taarifa ya habari. "Mama aliyekimbia pekupeku." Jirani ameniletea viatu vipya.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikwenda hospitali. Mdogo wangu yuko kitandani na plasta yake, anawasimulia wauguzi wenzake: "Huyu ndiye dada yangu! Kakimbia peku kwenye mvua kwa ajili yetu. Nyie mna dada kama huyu?" Wauguzi wakanishika mikono. Mmoja alinikumbatia.

Nilisimama nimeshika mfuko wa machungwa. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilichosema ni, "Pole, mdogo wangu. Umekula?"

Taratibu alikuwa wodi ya jirani. Sikuingia. Nilipita mlangoni kama mtu anayetafuta choo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mume wangu haulizi kitu, na hilo ndilo baya zaidi. Ameweka viatu vya jirani karibu na mlango. Sijavivaa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kamanda aliita mkutano wa watumishi wa idara zote pamoja na familia kuwapongeza waokoaji. Ukumbi ulijaa. Mdogo wangu alikaa safu ya mbele, mkono umefungwa shingoni, na kando yake Daktari.

Mtu mmoja, ndugu wa yule mzee wa presha, akanyanyuka. "Mimi si mjuzi. Lakini nauliza, kwa nini zimamoto walikuwa wanapunga mikono? Hawana redio?"

Kamanda hakuona mtego, maana kwake haukuwa mtego. Alijibu kwa fahari kabisa. "Ndugu, redio tunazo, tena nzuri. Chaneli ya pamoja ililetwa kikaoni mwezi uliopita, tukaikataa kitaalamu. Mtaalamu wetu ni huyu hapa, shujaa wetu wa pekupeku, ndiye aliyetueleza kwamba mambo hayo hayawezekani. Simama, mama, watu wakuone!"

Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Hata makofi hayakujua yanapigiwa nini.

Mdogo wangu hakupiga. Mkono mmoja haupigi makofi, nilijiambia. Lakini alikuwa ameukunja uso na ananitazama kama mtu anayefanya hesabu kichwani. Alimgeukia Daktari, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini. Daktari akaitikia kwa kichwa. Mdogo wangu akanyanyuka, akapita katikati ya viti, akatoka. Mlango ule una springi, hujifunga wenyewe polepole.

Jumapili, 13 Aprili

Nimempigia. Hapokei.

Jumatatu, 14 Aprili

Hapokei.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda kwake. Shemeji alinifungulia, akanisalimu vizuri, akasema mdogo wangu amelala. Saa tano asubuhi. Redio ya jikoni ilikuwa inaimba, mtu akaizima.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilikwenda kwa Daktari. Siku zote nilimwona kama mvulana wa shule, kwa lile shati lililopigwa pasi mpaka mikono inakata, na ule utaratibu wake wa kupanga kalamu. Nikamwambia mlango ukiwa wazi, sikujali nani anasikia: "Niliyoyasema kikaoni yalikuwa uongo. Inawezekana. Ni kazi ya mchana mmoja. Nilijua tangu unafungua mdomo."

Nilitegemea ataniambia alijua. Ningeweza kubeba hilo.

Alisogeza kalamu. "Mimi nilikuamini," akasema. "Nilirudi nikachukua kitabu cha zile redio, nikakisoma, nikaona kama nilichosema ni sawa. Nikajiambia, hapana, mama yule amefanya kazi hii miaka yote, mimi ndiye sielewi. Niliwaita watu wangu nikawaomba radhi kwa kuwatia tamaa. Taratibu alikuwepo. Aliniambia, 'Usijali, dokta, si kila mtu anajua redio.'"

Niliona aibu niliyokuwa sijawahi kuijua. Ile ya mwanzo ilikuwa ya kuogopa watu watajua. Hii haikuhitaji watu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nisingekuwa mkubwa tena," nikamjibu. "Basi. Hakuna kingine."

Hakunifariji. Namheshimu kwa hilo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimerudia maneno yale yale kikaoni, nimesimama pale pale. Kamanda alisema, "Unatuvua nguo mbele ya watu!" Nikamwambia nguo hiyo ilikuwa yangu. Afande alitazama meza. Nadhani alikuwa akikumbuka alivyocheka. Nimeandikiwa onyo, na nimesema sitaomba nafasi yoyote ya ukubwa kwenye chumba cha pamoja. Nimeomba kiti tu. Wamekubali chaneli ianze kupangwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Redio zote za idara zote zimepangwa upya. Tulianza baada ya chakula cha mchana, tukamaliza jua halijazama. Nilipofunga skrubu ya mwisho nilikaa chini sakafuni. Fundi wa polisi akadhani nimechoka.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda kwa Taratibu, safari hii nikaingia. Mke wake alikuwa anamkata kucha za mguu uliobaki. Alinipisha kiti.

"Nimeambiwa, mama," Taratibu akasema kabla sijakaa. "Usijisumbue kueleza. Nina swali moja tu. Zile taa. Mlikuwa mnaniita, au mnanizuia?"

"Tulikuwa tunakuzuia. Mimi ndiye niliyesema ziwashwe."

"Kwa hiyo hamkuwa na alama yoyote? Hakuna kitu cha kumulika mara mbili, mara tatu, ambacho mimi nilitakiwa kukijua?"

"Hakuna. Hatukuwahi kukubaliana alama. Mtu yeyote angeona unaitwa."

Alilaza kichwa kwenye mto. "Mke wangu, umesikia? Mtu yeyote." Kisha akageukia ukutani, mabega yake mapana yakaanza kutikisika. Mke wake akaniambia kwa sauti ndogo kwamba tangu apate fahamu amekuwa akisema aliona vibaya, kwamba yeye ndiye aliyewaingiza wenzake mtoni.

Yaani wakati mimi napewa viatu, huyu mtu alikuwa amelala hapa anajihukumu kwa kosa langu. Ningekuja siku ile ya machungwa ningemwondolea. Nilipita mlangoni.

Alipotulia, akajifuta uso na shuka. "Sijui kama nimekusamehe," akasema. "Nikijua nitakwambia. Taratibu."

Mke wake akacheka bila kutaka. Yeye pia. Mimi sikuthubutu.

Jumatatu, 5 Mei

Jaribio la kwanza la chaneli ya pamoja. Balaa. Polisi akasema "njia safi", maana yake hakuna wahalifu. Vijana wetu wakaelewa hakuna moshi. Ambulansi wakauliza kidonda gani kimesafishwa. Sisi "nyekundu" ni moto mkubwa, kwa ambulansi ni mgonjwa mahututi, kwa polisi ni eneo la kutoingia. Kwa dakika kadhaa mji mzima ulikuwa mwekundu na hakuna aliyejua kwa nini. Afande akavua kofia akajikuna. "Tumekaa mtaa mmoja miaka yote hii, kumbe kila mtu na lugha yake."

Tumekubaliana: hakuna rangi, hakuna namba. Kiswahili cha kawaida. Simama. Njoo. Usipite. Mtu ameumia. Na mtu akiambiwa jambo, alirudie kabla ya kusema amepokea.

Msimamizi wa chumba ni msichana wa polisi, mdogo kwangu sana. Ananiita mama na ananiamuru, yote kwa pamoja. Anajua kazi.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zinapungua. Mdogo wangu ametolewa plasta, amerudi kazini. Nimesikia kwa shemeji.

Jumanne, 20 Mei

Mvua ya ghafla mchana, kama iliyokuwa imejificha. Ukuta wa ghala uliporomoka kando ya barabara ya hospitali na kulalia nguzo ya umeme. Sajini aliita: "Waya uko chini, kwenye maji. Barabara yote ina umeme." Sekunde ile ile sauti nyingine ikaingia, nami nikaijua kabla haijamaliza neno la kwanza. "Chumba, hapa ambulansi ya pili. Tunaelekea hospitali kwa barabara ya ghala. Tuna mjamzito."

Msimamizi alikuwa na Afande kwenye simu. Kiti kilikuwa changu.

"Ambulansi ya pili, simama. Usipite barabara ya ghala. Waya wa umeme uko kwenye maji. Simama hapo ulipo."

Hewani hakukuwa na kitu isipokuwa mvua. Alijua ni nani anayezungumza. Mtu anaweza kukataa simu, anaweza kuzima redio ya jikoni, na nilimwelewa. Lakini hapa alitakiwa kuniamini, mimi, kwa neno langu kuhusu redio na barabara, jambo lile lile nililolidanganya.

"Tunasimama," akasema. "Usipite barabara ya ghala, umeme kwenye maji. Tumesimama. Nimepokea."

Polisi wakawasikia wenyewe, wakawafungulia njia ya shule bila mimi kusema lolote. Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike.

Zamu ilipokwisha nilikuwa nakunja koti mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu alikuja kurudisha betri ya redio. Aliiweka mezani, akasaini, akageuka. Zamani angenipiga begani na kuniuliza nimepika nini. Akasimama mbele yangu, sare imelowa, macho yake kwenye kola ya shati langu.

"Shikamoo, dada."

Hiyo ni salamu anayoweza kumpa mwanamke yeyote wa umri wangu njiani. Nililijua hilo, na alijua ninalijua.

"Marahaba," nikaitika.

Akafunga zipu ya koti lake, akatoka kwenye mvua. Nikamsikia akimwambia dereva mpya asubiri kwanza maji yapungue.